Mate ya Koko Noonkishu

Hapa Noonkopir, Kitengela, mtu akikohoa wiki nenda wiki rudi bila kupona, hakosi jirani wa kumwambia, "Enda uone Mama Kimani." Mama Kimani ndiye mimi. Mimi si daktari, na koti jeupe sijawahi kuvaa isipokuwa lile la kupikia mandazi. Wananijia kwa sababu ninajua kukaa kwenye benchi. Ninajua unavyohisi ukiona mwenye nyumba akivuta mlango wake unapopita, na ninajua kwamba mkojo ukigeuka rangi ya soda ya machungwa hufi. Kila anayekuja ninamweleza yaleyale, koo langu limechoka, kwa hiyo nimeamua kuandika. Kama unayo TB, soma polepole. Kama huna, soma pia, kwa maana huenda jirani yako anayo na anakuogopa wewe kuliko ugonjwa.

Nilianza kukohoa mwaka elfu mbili ulipokuwa unakaribia, wakati redio zilipokuwa zikitutisha kwamba kompyuta zote zitazimika. Mimi sikuwa na kompyuta. Nilikuwa na kibanda cha chai kando ya njia ya kwenda mnada wa ng'ombe, mume anayekata mawe ya ujenzi, na mtoto mmoja, Kimani, ambaye alikuwa hajaacha kunyonya. Kwa kikohozi nililaumu moshi. Baadaye nikalaumu vumbi, maana Kitengela wakati wa kiangazi hata sukari hugeuka mchanga. Nilinunua dawa ya chupa, ile tamu, mpaka mwenye duka la dawa akawa ananiona tu anashika chupa. Usiku nilitoka jasho shuka ikawa ya kukamua, na asubuhi nilichemsha chai kama kawaida, nikijiambia nitapumzika Jumapili.

Siku moja ya mnada akaingia mwanamke mrefu wa Kimaasai mwenye sweta ya buluu, akaagiza chai na chapati. Nilimhudumia, nikageuka pembeni nikakohoa kwenye leso. Alikunywa akinisikiliza jinsi watu wanavyosikiliza taarifa ya habari.

"Mama, hiyo kikohozi iko na wewe tangu lini?" akaniuliza.

"Ni moshi tu."

"Nimeuliza tangu lini. Sijauliza ni ya nini."

"Tangu tuvune mahindi."

"Na hiyo sketi? Ulinunua kubwa, ama ni wewe umekuwa mdogo?"

Nilitaka kumtolea ukali, lakini sketi yenyewe nilikuwa nimeishikisha kwa pini mbili, na pini zote mbili alikuwa ameziona. Huyo ndiye Naserian, nesi wa shirika moja dogo lililokuwa na makao Kajiado. Lilikuwa na jina refu la Kiingereza ambalo sisi hatukulitumia. Tuliliita Mradi.

Naserian ndiye aliyenipeleka kupimwa. Sitakuchosha na mambo ya maabara, nitakuambia tu kuhusu benchi. Kwenye benchi la wanaokohoa watu hawaangaliani. Kila mmoja anaangalia viatu vyake na ana kikopo cha plastiki ambacho anajaribu kukificha kwa kiganja. Mimi nilikuwa karibu na mzee wa Kisomali, mfanyabiashara wa mbuzi niliyemjua vizuri kwa sababu alikuwa mteja wangu. Tulijifanya hatujuani. Baada ya muda mrefu akasema bila kugeuza kichwa, "Chai yako, Mama Kimani, mimi siachi." Kama umewahi kukaa kwenye benchi hilo, unajua jinsi neno dogo kama hilo linavyoweza kumliza mtu.

Ilikuwa TB. Naserian alinieleza vizuri kwamba inatibika, kwamba vidonge ni vya bure na ni vya miezi minane, na kwamba nisithubutu kuacha katikati hata nikijisikia mzima kama punda. Kimani na baba yake wakapimwa, wakapatikana wazima. Nilirudi nyumbani nikidhani kazi iliyobaki ni kumeza tu.

Sikuwajua watu. Katika ploti tuliyopanga, choo kilikuwa kimoja cha wote. Ndani ya wiki kikatiwa kufuli, na mimi peke yangu ndiye niliyekosa ufunguo. Wakati ule, mwanamke akikonda na kukohoa, watu walikuwa na jibu moja tu, na hawakulisema kwa sauti, walilisema kwa macho. Wateja wakakiacha kibanda wakavuka barabara kwa jirani, hata waliokuwa wakizisifu chapati zangu. Mwenye ploti akaja kwa upole sana, kofia mkononi, akatuomba tuhame kufikia mwisho wa mwezi. Baba Kimani ni mtu wa maneno machache, mawe yamemfundisha. Alimsikiliza mwenye ploti mpaka mwisho, akamwambia "Sawa", kisha akaenda nyuma ya nyumba akalipiga nyundo jiwe lisilo na kosa lolote.

Halafu akaja mama mkwe wangu kutoka Gatundu. Nilimwita Maitu, yaani mama, kama inavyotakiwa, na nilimwogopa kama inavyotakiwa pia. Ni mwanamke mfupi, mkali, mcha Mungu, aliyelea watoto tisa na hakuzika hata mmoja. Aliingia, akaweka kikapu chake cha kiondo chini, akanitazama kutoka utosini mpaka vidoleni, na nikaona machozi yakimjia, akayameza kwa hasira. Kisha akamfunga Kimani mgongoni.

"Nitakaa naye mpaka upone," akasema.

"Nikipona nitatuma habari, Maitu."

"Wewe? Mgonjwa husema amepona akitaka kitu. Ni nani mwingine ataniambia?"

"Hospitali wataandika karatasi."

"Karatasi hata wezi wako nazo," akasema, na akaondoka na mtoto wangu.

Nataka nimtendee haki. Hakuwa mbaya. Alikuwa anaokoa kile alichoona kinaweza kuokolewa, na mimi kwa hesabu yake nilikuwa nimeshaenda. Lakini maziwa hayajui hesabu ya mtu. Kwa siku kadhaa yalinidondoka yakalowesha blauzi, kisha yakakauka, na siku yalipokauka ndipo nililia. Tangu hapo sikuwaza TB sana. Niliwaza ni nini nitakachomwonyesha yule mwanamke hata aamini na anirudishie mtoto, na kama mtoto mwenyewe atakuwa bado ananijua.

Naserian alipopata habari ya kufuli la choo, alisonya kwa muda mrefu. "Funga nguo," akaniambia. "Unakuja kukaa na sisi Kajiado."

Mradi ulikuwa na nyumba zake nyuma ya kituo cha afya, na nyumba zenyewe zilikuwa manyatta kabisa, za udongo na mavi ya ng'ombe, za mviringo, zimezungushiwa miiba. Wamaasai wa mbali, wale wa Magadi na Rombo, hawangeweza kuja kila siku kumeza dawa, basi waliletwa wakae hapo mpaka wapate nguvu. Niliambiwa kwamba mwanzoni Mradi ulijenga vyumba vya mabati vilivyonyooka, na vitanda vya chuma, na wagonjwa wakatoroka mmoja mmoja. Walisema hawawezi kulala ndani ya sanduku linalolia upepo ukivuma. Mashirika mengine yangeandika kwamba wenyeji hawataki maendeleo. Hawa waliwaita akina mama wa Kajiado wakawauliza, "Basi mgonjwa alale wapi?" Akina mama hawakujibu kwa maneno, walikata miti wakaanza kujenga. Vile vyumba vya mabati vikawa stoo ya unga.

Gari lao pia lilikuwa na hadithi. Lilichorwa mapafu makubwa mekundu mlangoni, na likisimama mbele ya boma lako tu, msichana wako hapati mchumba. Watu walikuwa wakiliona linakuja wanaingia vichakani. Akina mama wakalalamika kwenye mkutano, na Mradi ukapaka mlango rangi nyeupe. Ninasema haya kwa vijana wanaofungua mashirika siku hizi na kuanza na kuchora gari.

Nikawekwa nyumba moja na bibi wa Rombo anayeitwa Noonkishu. Sote tulimwita Koko, maana yake nyanya. Alikuwa mrefu, amekauka, masikio marefu yenye shanga, na kikohozi kikubwa kuliko changu. Nilipoinama kuingia, nikagonga paji la uso kwenye mti wa mlango.

"Takwenya," akanisalimu kutoka gizani.

Nilijua kujibu, mtu haishi Kitengela bure. "Iko," nikasema, nikishika paji.

"Kikuyu?"

"Ndiyo, Koko."

"Kikuyu anapenda nyumba ya mlango kubwa," akasema. "Utajifunza kuinama."

Nikajifunza. Nilijifunza pia kulala kwenye ngozi, kufukuza mbuzi waliokuja kula mkeka, na kunyamaza anapoongea na Mungu wake alfajiri. Yeye hakujifunza kitu kwangu isipokuwa mandazi. Chai yangu, iliyonilisha miaka mitano, aliionja akairudisha. "Hii ni maji imeona maziwa kwa mbali," akasema. Siku iliyofuata akanichemshia ya kwake bila tone la maji, na ninakiri nilikunywa vikombe viwili.

Asubuhi tulikaa kwenye benchi refu, kila mtu na kikombe cha uji, tukameza vidonge mbele ya Naserian. Unameza, unafungua mdomo, unainua ulimi akague. Mimi mwenye hoteli, mama wa mtu, nainua ulimi! Lakini Koko aliinua wake kwa heshima zote kama mtu anayeonyesha pasi mpakani, na mimi nikaona haya kulalamika. Mwezi wa kwanza vidonge vilinipiga. Magoti yaliuma nikatembea kama ng'ombe wa kiangazi, Koko ndiye aliyesema hivyo. Mkojo ulipotoka mwekundu nilimwita nikidhani ninakufa. Alichungulia, akacheka mpaka akakohoa, akasema wake ni mwekundu zaidi.

Mwezi wa pili njaa ilinirudia. Wewe uliyeshindwa kula sasa hivi, ukiangalia sahani unaona ukuta, nisikilize: itarudi. Itarudi bila adabu. Nilikula githeri ya Mradi nikaomba ukoko wa sufuria. Sketi ikaanza kukaa yenyewe kiunoni. Baba Kimani alikuja Jumapili zake na sabuni na maparachichi, akakaa nami nje ya miiba bila kusema, akiniangalia mikono. Jumapili moja akasema, "Umenona." Ni maneno matamu kuliko yote aliyowahi kuniambia, hata yale ya uchumba.

Habari za Kimani alizileta pia, kidogokidogo, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Anatembea vizuri. Ameota meno ya nyuma. Anamwita nyanya yake "Mama". Hilo la mwisho lilimtoka bila kukusudia, na akalijutia palepale. Nilienda ndani nikalala ubavu.  Koko alikuja akakaa karibu na kichwa changu, na nilidhani atanibariki, kwa maana nilikuwa nimeona wazee wa Kimaasai wakifanya hivyo tangu utoto. Badala yake alivuta shuka yake akajifunika mdomo, akaniwekea mkono tu.

Hapa lazima nieleze jambo la mate. Kwa Wamaasai, mzee akikubariki anakutemea mate kidogo, ya kupuliza tu, kichwani au kwenye kiganja. Mtoto hukimbia mwenyewe akainamisha kichwa apate. Nyanya asiyetoa hayo ni nyanya wa nini? Wakubwa wa Mradi walikuwa wameleta kutoka Nairobi picha kubwa ya mtu anatema mate, imepigwa mistari miwili miekundu. Wakaibandika. Akina mama wa Kajiado, ambao sasa walikuwa kamati ya Mradi, wakaitazama, na mmoja wao akauliza, "Na baraka?" Bwana aliyeleta picha akacheka, akidhani ni utani. Hakuna mwingine aliyecheka, na Naserian akamwambia aketi chini. Walizungumza mpaka chakula cha mchana kikapoa. Hawakuiita mila hiyo ushamba, na hawakusema pia iendelee tu kwa sababu ni mila. Walikubaliana kwamba mate yatangoja. Mgonjwa atakapopimwa na makohozi yake kuwa safi, Naserian atatangaza mbele ya watu, na siku hiyo ana ruhusa ya kubariki.

Nimeona watu wakingoja mambo mengi katika maisha yangu, lakini sijaona anayengoja kama yule bibi. Watoto wa wagonjwa wengine walikuja kumwinamishia kichwa, naye alijifunika mdomo haraka kama aliyeshikwa akiiba, akawagusa kwa vidole. Siku moja alikuja mgeni wa wafadhili na kamera, akatuomba tukohoe kidogo apate picha. Koko akamwambia Naserian amtafsirie: akohoe yeye kwanza. Tulicheka siku nzima. Lakini jioni alinieleza kwamba ana mjukuu aliyezaliwa yeye Koko akiwa tayari mgonjwa. Hajawahi kumtemea. Aliona ni kama mtoto yule bado hajapewa mlango wa kuingilia duniani.

"Na wewe, mtoto yako iko wapi?" akauliza.

Nikamweleza yote, Maitu na kiondo na karatasi za wezi.

Alifikiri. "Huyo mama ni mzuri," akasema. "Anapenda mtoto sana. Hata mimi ningechukua."

Sikumsemesha mpaka kesho yake. Lakini neno lilikaa.

Majibu yetu yalikuja pamoja. Mvua ilikuwa imekataa, nyasi hakuna, ng'ombe waliopita barabarani wamebaki mbavu. Naserian akasimama mbele ya benchi akataja majina. Mama Kimani, safi. Koko Noonkishu, safi. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi niliruka na magoti yangu yote. Koko aliangalia tu upande wa barabara.

Mradi ulikuwa na desturi iliyobuniwa na kamati ya akina mama. Waliojaliwa kuwa safi waliitiwa jamaa zao, kila jamii ikale na mgonjwa wake kutoka sinia moja, watu wote wakiona. Walijua kwamba karatasi haishawishi mtu. Mkono ukiingia kwenye sinia moja na wa mgonjwa ndipo mambo yamekwisha. Gari lilitumwa Rombo kuwaleta watu wa Koko, likarudi tupu. Boma lilikuwa halina mtu, wanawe walihama na ng'ombe kufuata majani na hakuna aliyejua wamefika wapi. Kwa Maitu alienda Baba Kimani mwenyewe. Sikujua kama Maitu atakuja. Nilioga mara mbili.

Alikuja. Nilimwona akishuka, kitambaa cheupe cha kanisa kichwani, na Kimani mgongoni. Mtoto alikuwa amekuwa mkubwa, mashavu mawili, viatu. Nilimwita. Alinitazama kama unavyomtazama mtu wa kuuza mitumba, akaficha uso kwenye mgongo wa nyanya yake.

Sinia ya wali na nyama ikaletwa mbele yetu. Baba Kimani akatia mkono, nikatia wangu. Maitu akakaa wima.

"Mimi nimefunga," akasema. "Tuko kwa maombi, na akina mama wa kanisa."

Kwenye kiondo niliona shingo ya chupa ya chai na viazi vitamu vimefungwa kwa karatasi. Mume wangu naye aliviona, akakazia macho wali. Nilitafuna tonge moja halikwisha. Miezi yote ile ya kuinua ulimi, na sasa ningerudi nyumbani bila mtoto, kwa maana mwanamke huyu hakuwa mtu wa kuvutwa kwa nguvu.

Koko alikuwa ameketi peke yake upande wa pili na sinia yake nzima, kwa sababu kamati ilikataa kumnyima ati kwa kuwa hana wageni. Hakuwa amegusa chakula. Maitu alimtazama mara moja, akamtazama tena. Ni watu wa rika moja. Mwanamke wa kwetu hawezi kuona mzee mwenzake ameketi peke yake kwenye karamu, hata kama amefunga, hata kama anaogopa. Alinyanyuka, akaenda akakaa karibu naye, lakini si karibu sana.

"Watu wako hawakukuja, mama?"

"Wako mbali na ng'ombe," Koko akasema. "Hiyo mtoto ni yako?"

"Ni wa kijana wangu."

Kimani alikuwa ameshaona shanga. Aliteremka mgongoni, akaenda moja kwa moja, akashika sikio la Koko kwa mikono miwili. Kichwa chake kikawa hapo hapo chini ya kidevu cha bibi. Nilimwona Koko akivuta pumzi, midomo ikajikunja. Kisha mkono ukapanda na shuka, akajifunika mdomo, akageuza uso.

Maitu aliliona hilo. "Mbona unajifunika?"

"Mate yangu ilikuwa na ugonjwa," Koko akasema kutoka ndani ya shuka. "Naserian alisema ningoje. Sasa iko safi, amesema mbele ya watu. Lakini hii ni mtoto ya wenyewe. Lazima mwenyewe aseme."

 Baadaye, miaka mingi baadaye, Maitu aliniambia kwamba alikuwa amemwona akilini babu yake wa Gatundu, aliyemtemea kwenye viganja asubuhi ya kuolewa kwake, kabla ya kanisa kuyafuta hayo yote. Siku ile hakusema hivyo. Alimgeukia Naserian aliyekuwa akipita na birika.

"Wewe msichana. Angekuwa ni mtoto wako ungekubali?"

Naserian angeweza kumweleza mambo ya maabara mpaka jua litue. Aliweka birika chini, akaja, akapiga magoti, akamwinamishia Koko kichwa chake mwenyewe. Koko akaondoa shuka. Akampulizia mate utosini, mara moja, kwa sauti ndogo, na uso wa yule bibi ukafunguka nikaona alivyokuwa alipokuwa msichana. Watu waliokuwa karibu wakaitikia, "Naai," kama sisi tunavyosema amina.

Maitu akamshika Kimani mabega, akamsogeza mbele.

"Na huyu," akasema.

Koko akambariki mwanangu kama angembariki mjukuu wake wa Rombo, akitaja maneno marefu ya Kimaa, akisimama kila mahali ili tuitikie, na sote tuliitikia, Maitu kwa sauti kuliko wote. Mjukuu wake mwenyewe alimpata mvua iliporudi. Naserian aliniletea habari hizo, na nilifurahi kama wangu.

Kisha Maitu akarudi kwenye sinia yetu, akaketi, akanawa mikono, akala. Alikula sana kwa mtu aliyefunga. Alipomaliza akajifuta, akaniambia bila kunitazama, "Leta mikono."

Nikaleta. Akatema kidogo kwenye viganja vyangu, kama walivyofanya wazee wetu, akaushika mkono wa Kimani akauweka juu, akafunga vidole vyangu.

"Mchukue," akasema.

Mradi ule haupo tena. Wafadhili walimaliza muda wao, nyumba zimerudi udongo, na Naserian yuko kituo kingine, amestaafu nusu. Vidonge bado vipo na bado ni vya bure. Mimi nilimalizia vyangu Kitengela, bila kuruka hata siku moja, na ndivyo nawe utakavyofanya ama nitakuja kwako nikukague ulimi.

Lakini siku ile tuliondoka Kajiado kwa gari la Mradi. Kimani hakutaka kukaa nami. Alipiga mayowe, akaniuma bega, akamwita "Mama" mtu aliyeketi mbele kando ya dereva. Maitu hakugeuka. Alikaza macho barabarani, shingo imesimama, na mabega yalikuwa yakitikisika chini ya kitambaa cheupe, lakini hakugeuka hata mara moja, kwa sababu alijua akigeuka tu mtoto atamwendea. Tulipokaribia Isinya Kimani alichoka kulia. Akalala hapo hapo kifuani pangu, mdomo wazi, akipumua, na hakuna mtu aliyeniambia nimweke kando.